Kichwa Kisichonyolewa

Niliacha shule mapema, kabla sijajua hata kugawanya vizuri, na tangu hapo nikawa mtu wa kufika na kuondoka. Nilikata mkonge Tanga, nikabeba magunia bandarini Mombasa, nikauza kahawa Unguja. Kila nilikoingia, jambo la kwanza nililotaka kulijua ni hili: hapa nani anaruhusiwa kumgusa nani? Mombasa, wakati ninafika, mtu mweusi alitembea na kipande, cheti cha kumtambulisha, shingoni ndani ya kikopo cha bati, na askari yeyote aliweza kumsimamisha njiani akakisoma. Tanga hapakuwa na kipande, lakini mnyapara alikuwa na kiboko na hakuna aliyemuuliza alikitumiaje. Unguja sikupigwa wala kusimamishwa, ila nilifundishwa haraka ni baraza za nani naweza kukaa na za nani napaswa kupita bila kutazama. Mtawala alikuwa Mwingereza kotekote. Mwili wangu nao ulikuwa uleule. Kilichobadilika ni ruhusa.

Siku moja Dar es Salaam, kwenye kibaraza cha kinyozi, mtu mmoja alikuwa akitusomea gazeti kwa sauti. Habari ilisema kwamba baada ya vita vile vikubwa, mataifa yalikutana ng'ambo yakakubaliana juu ya haki za kila binadamu, awe nani, awe wapi.

Kinyozi akauliza, "Na sisi tumo?"

Msomaji akafunua ukurasa wa pili kuona kama habari inaendelea. Haikuendelea. Tulicheka sote, lakini jambo lile halikunitoka kichwani. Nilikuwa nalo bado nilipoingia delta ya Rufiji kukata boriti.

Kazi ya boriti inafuata maji. Yakitoka, unaingia matopeni na shoka na kuangusha mikoko. Yakirudi, unaielesha miti hadi kwenye mitumbwi. Wenzangu walilala kambini, wakikoroma na kukohoa. Mimi nikapata chumba katika kijiji cha Maparoni kwa mjane mmoja aliyekuwa na nyumba ya udongo mahali pa juu kidogo, na nyuma yake shamba la mpunga ambalo yeye na marehemu mumewe walilifyeka kwa mikono yao. Mumewe alizikwa pembeni ya shamba hilo. Mtoto wake pekee aliyebaki alikuwa karani bomani, mwendo mrefu kutoka pale, na mara nyingi alimtaka mama yake ahamie kwake, kwenye nyumba ya mabati.

"Nikalale kwenye bati linalopiga kelele kama ngoma?" aliniambia. "Mie mahali pangu nimeshapachagua. Pale, mkono wa kushoto wa yule mzee. Alikuwa akikoroma upande wa kulia."

Alikuwa mcheshi. Aliniita mume wangu tangu siku ya kwanza, kama bibi wa pwani anavyomwita mjukuu.

"Mume wangu, leo umerudi na matope yote. Huko mtoni umebakisha nini?"

"Nimekuletea mahari, bibi."

"Matope? Basi kwenu mlioa kwa taabu."

Mwaka ule mamba alimchukua mvuvi mmoja wa kijiji alipokuwa akifungua wavu. Walipata cha kuzika. Hapo ndipo nilipojifunza kwamba kwa watu wa kule kuna mamba wa Mungu, anayeua kwa njaa yake, na kuna mamba wa mtu, anayetumwa. Aliyemuua mvuvi huyu, walisema wazee, alikuwa wa Mungu. Mazishi yakaenda kwa utaratibu wake.

Ukoo wa marehemu na ukoo wa bibi yangu walikuwa watani tangu zama za babu zao. Na kule, mtani ana kazi yake msibani. Wakati wengine wanalia, yeye anatukana, anadhihaki, anazuia jeneza mpaka apewe kitu, na hakuna anayeruhusiwa kukasirika. Bibi akajilaza njiani mbele ya jeneza na kanga yake kaifunga kiunoni.

"Mnakwenda wapi na chakula cha mamba wangu?" akapaza sauti. "Mrudisheni. Hajashiba. Kwenu bado mmoja."

Waombolezaji wakacheka huku machozi yakiwatoka. Ndugu wa marehemu, naye mvuvi, mtu mwenye mabega mapana, akatoa tumbaku mfukoni akamtupia.

"Chukua, mchawi wee. Mpe mamba wako avute, apoe."

Bibi akainuka, akajipangusa vumbi, jeneza likapita. Nilimuuliza jioni kama haogopi kusema maneno yale. Akanitazama kana kwamba nimemuuliza kama haogopi kupika.

"Nisingesema, wangejua siwapendi," akasema.

Kabla ya mavuno ya mpunga, mamba akamchukua binti wa yule mvuvi mwenye mabega mapana. Alikuwa akichota maji.

Bibi alikwenda msibani kama inavyotakiwa. Nilikwenda naye. Wanawake walikuwa wamekaa kwenye mikeka, na alipofika hakuna aliyesogea kumpa nafasi. Alisimama kidogo mlangoni. Alifungua mdomo, maana kazi ya mtani ilikuwa inamngoja, kisha akaufunga. Hakuna aliyemfukuza. Tulirudi nyumbani, na njia nzima nilimsikia akipumua kwa nguvu, kama mtu anayepanda mlima, ingawa kule hakuna mlima.

Baada ya hapo vitu vikaanza kurudi. Asubuhi moja tulikuta ungo mlangoni, umeoshwa. Ulikuwa wake, alimwazima jirani hata akausahau. Kesho yake mchi. Kisha chungu, kisha kibao cha mbuzi. Hakuna aliyepiga hodi. Vilikuwa vinaachwa tu kizingitini, safi, na aliyevileta keshaondoka. Mimi niliona ni adabu. Bibi alivitazama vikijaa ukumbini na kila kimoja kilimtia woga zaidi.

"Hawataki kitu changu kilale ndani kwao," akasema.

Jumbe wa kijiji, mtu mzito wa mwili na mpole wa maneno, alitafuta njia. Kulikuwa na mganga aliyekuwa akipita vijiji vya kusini kunyoa watu. Kijiji kizima kinanyolewa, wazee kwa vijana, kisha kila mmoja anapakwa dawa ya unga kichwani na kulishwa kidogo, na anaapa. Aliyenyolewa akirudia uchawi, dawa inamuua. Na aliyenyolewa akiitwa mchawi, anayemwita ndiye mwenye kosa. Jumbe akaja kumweleza bibi, akikwepa kumtazama.

"Dada yangu, ni sote. Hata mimi."

"Waninyoe mimi wa kwanza," bibi akajibu. "Nywele zenyewe zimebaki za kuhesabika."

Mimi jambo lile lilinikera. Niliona ni sawa na kile kipande cha Mombasa: mtu anashikwa kichwa ili athibitishe kwamba hana kosa. Nikamsimulia habari ya gazeti, kwamba mataifa yamekubaliana mtu asilazimishwe mambo kama haya. Alikuwa akipepeta mchele. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa heshima.

"Hayo mataifa yanaijua Maparoni?"

"Sidhani, bibi."

"Mganga anaijua," akasema, akaendelea kupepeta.

Habari zilimfikia mwanawe huko bomani. Alikuja kwa mtumbwi pamoja na tarishi mmoja wa serikali, kavaa kaptula iliyopigwa pasi. Mwana alikuwa kijana mwema, na alikuwa na hofu kwelikweli. Alikusanya watu kwa jumbe akawaeleza sheria: ni kosa kumwita mtu mchawi, ni kosa kumnyoa mtu kwa ajili hiyo, na mganga akionekana atafungwa. Mganga alikuwa keshafika na vifaa vyake, amekaa palepale kwa jumbe. Tarishi alimshika mkono mbele ya wote, akamwonyesha yule mama ambaye asingeruhusiwa kumgusa, akamvusha ng'ambo ya mto.

Nyumbani, mama na mwana waligombana. Mimi nilikuwa uani nikinoa shoka.

"Mama, hakuna mtu mwenye haki ya kukushika kichwa."

"Kichwa changu mwenyewe nimewapa."

"Umewapa kwa kuogopa. Hiyo si ridhaa."

"Na nisipowapa nitaacha kuogopa?"

"Serikali itakulinda."

"Serikali inalala wapi?"

Jibu la mwana lilikuwa tarishi. Alimwacha pale alinde nyumba. Tarishi alikaa barazani na bunduki yake, akala wali wa bibi, akawa anamsaidia kuanika mpunga wa akiba. Akaambiwa asimwache aende mbali, na hakumwacha.

Siku ya Alhamisi kijiji kizima kikaondoka. Walipita mbele ya nyumba wamevaa vizuri, wanawake kwa wanaume, wakishuka kwenye mitumbwi.

"Mnakwenda wapi?" tarishi akauliza.

"Arusini, ng'ambo," akajibiwa.

Bibi alikuwa amesimama mlangoni. Alimtazama kila aliyepita. Alivaa ushungi wake, akachukua kanga ya pili, akashuka ngazi ya baraza, na tarishi akasimama mbele yake taratibu.

"Mama, wewe nimeambiwa ubaki."

Waliporudi jua likiwa bado juu, tuliona vipara kwanza, ving'aavyo, na unga mweupe umegandia masikioni. Wanaume, wanawake walioacha ushungi uteleze kusudi, watoto, jumbe. Hakuna aliyejificha. Hata vijana wa kambini kwangu walinyolewa. Mimi sikunyolewa, lakini mimi nilikuwa mpita njia. Katika Maparoni yote, mtu wa pale ambaye dawa haikumgusa alikuwa mmoja tu, na mbele ya nyumba yake amekaa mlinzi wa serikali.

Mamba hakuua tena. Alionekana tu, akiota jua kwenye matope chini ya mahali bibi alipozoea kuchotea maji, na watu wakaja kumtazama kutoka mbali, wakimtazama yeye na kuitazama nyumba. Tarishi akaitwa kazi nyingine. Wiki hiyohiyo dungu la bibi, kile kibanda cha juu ya nguzo alichokaa kufukuza ndege shambani, kikateketea mchana, hakuna mtu ndani. Upepo haukuwapo. Mpunga uliokizunguka ulibaki mzima, kana kwamba aliyewasha moto aliusimamia mpaka ukazima.

Jumbe alikuja akakaa kwenye kizingiti, kichwa chake kikianza kuota nywele fupi.

"Dada yangu, nyumba ndiyo inayofuata. Na mimi siwezi kuwazuia."

Akapeleka habari bomani. Bwana Shauri, Mwingereza aliyekuwa mkuu wa wilaya, akaja mwenyewe kusikiliza. Alizungumza Kiswahili kizuri kuliko changu. Aliwekewa meza chini ya turubai, na watu wakakaa chini. Mwana alikuja naye, lakini hakuruhusiwa kuandika wala kusema, kwa kuwa shauri lilikuwa la mama yake. Bwana Shauri alianza kwa kurudia sheria: atakayemwita mwenzake mchawi atafungwa. Watu wakaitikia kwamba wamesikia. Kisha akauliza chanzo cha hofu yao, na mtu mmoja akasema ni maneno ya msibani.

Akamwita yule mvuvi mwenye mabega mapana.

"Alisema nini?"

"Alisema mamba wake hajashiba. Alisema kwetu bado mmoja."

"Mlikuwa na ugomvi?"

"Hapana, bwana."

"Basi kwa nini aseme hivyo?"

Pale kila mtu aliyekaa chini alijua jibu. Lilikuwa neno moja, utani, na lingetosha. Mvuvi alitazama mikono yake.

"Sijui, bwana. Lakini alisema."

Bwana Shauri akamgeukia bibi. "Ulisema hivyo?"

"Nilisema."

"Na yeye alikujibu nini?"

Bibi akamtazama mtani wake. Nilijua anachokifikiria, maana nami nilikuwa nakifikiria: siku ile alimwita mchawi mbele ya watu wote, na sheria ya kufungwa ilikuwa imesomwa sasa hivi.

"Alinipa tumbaku," bibi akasema.

Nilisimama. Nilitaka kueleza yote, kama nilivyoyaandika hapa. Jumbe akaniuliza kwa upole mimi ni mtu wa wapi. Bwana Shauri akaniuliza kodi nalipia wapi. Nilibabaika nikitafuta kijiji cha kutaja. Bibi akanitikisia kichwa, nikaambiwa nikae, nikakaa.

Uamuzi ulitolewa kabla ya adhuhuri. Bwana Shauri alisema huyu mama hana hatia, wala serikali haiamini uchawi. Alisema sheria ileile inayokataza watu kuitana wachawi inamruhusu kumhamisha mtu ambaye kukaa kwake kunaleta hatari, na kwamba anafanya hivyo kumlinda. Mama atakwenda Kibiti, barabarani, ambako kuna watu wa kila aina na hakuna anayemjua. Ataripoti kwa jumbe wa huko. Maparoni asirudi.

"Kwa muda gani, bwana?" bibi akauliza.

"Mpaka pawe salama."

"Na nikifa kabla?"

Bwana Shauri alikuwa mtu wa haki. Alifikiri kwanza. "Utazikwa vizuri," akasema.

Jioni nilimkuta yule mvuvi akitazama wavu wake bila kuushona. Nilimuuliza kwa nini hakusema ni utani.

"Nilipokula dawa niliapa sitasimama upande wa mchawi. Nikisimama, nakufa."

"Na kama si mchawi?"

"Kama si mchawi," akasema, na alikuwa akiniuliza kwa dhati, kama mtu anayetaka kusaidiwa, "mbona hakunyolewa?"

Nilisafiri na bibi mpaka Kibiti kwa sababu nilikuwa naondoka hata hivyo. Tulipita mikono ya mto, tarishi mwingine akiwa mbele, yeye katikati na vyombo vyake vilivyorudishwa. Nilimuuliza kwa nini alimficha Bwana Shauri kwamba mvuvi alimwita mchawi.

"Mtani hapelekwi bomani," akasema. "Wao wamesahau. Mie nisahau pia?"

Kibiti alipewa chumba nyuma ya nyumba ya fundi cherehani. Malori ya Lindi yalipita na kusimama, nami nikapata kazi ya kupakia na kushusha. Mwanawe alimtumia sukari na salamu. Kwa miezi kadhaa hakuna aliyemuuliza kitu. Kisha tarishi wa bomani akapita kumtazama kama yupo, akanywa chai kwa fundi huku akisimulia mama huyu alihamishwa kwa nini, na kwa fundi watu ni wengi. Juma lililofuata mke wa fundi alikuja na kinu cha bibi. Alikiweka chini mlangoni kwa mikono miwili, kimeoshwa, akaondoka bila kusema asante.

Bibi alikivuta ndani.

Nilikuwa nimesikia kwa madereva kwamba yule mganga ameingia kwa siri kwenye kijiji kimoja upande wa Dimani, na nikakosea au sikukosea kumwambia, mpaka leo sijui. Alivaa palepale.

"Safari hii mwanangu asijue," akasema. "Wala yale mataifa yako."

Tulikwenda kwa miguu. Watu wa kijiji walikuwa wamepanga mstari nyuma ya nyumba, na wa barabarani nao walikuwepo, fundi na mkewe wakiwamo. Waliponyoosha shingo kumtazama mgeni, bibi hakusubiri mwisho wa mstari. Alikwenda moja kwa moja mbele, akakaa kwenye kigoda, akavua ushungi na kukunja kanga mapajani. Nywele zake zilikuwa nyeupe na chache, zimesukwa kwa uangalifu.

Mganga aliloweka wembe. Aliinama, akamshika kidevu amgeuze kwenye mwanga, na mkono wake ukasimama.

"Wewe ndiye mama wa karani," akasema.

"Ndiye. Ninyoe."

"Nilishikwa mkono kwa ajili yako mbele ya kijiji kizima."

"Si mimi niliyetaka. Ninyoe, baba. Nimekuja mwenyewe kwa miguu yangu."

Mganga akatazama njia tuliyoijia, kama kuna tarishi nyuma yetu. Akapangusa wembe kwenye shuka lake, pande zote mbili, akaufunga.

"Wewe ni mtu wa serikali," akasema. "Kichwa hicho sikigusi."

Bibi akainuka bila kuvaa ushungi, kichwa wazi, na kugeukia mstari. Nilitaka kumshika mkono, lakini nilikuwa mbali. Watu walisogea kumpisha, kwanza waliokuwa karibu, kisha waliokuwa nyuma yao, kisha na wale ambao hakuwa akielekea kwao, mpaka njia ikawa pana kupita alivyoihitaji.